Mkia Uangalie Nyuma

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, Kijiko alikuwa amekwisha kufagia uani, amejaza mtungi wa maji, na ameshika kitambaa chake cha kuifutia baiskeli ya Shangazi. Jina lake la shule lilikuwa jingine, lakini nyumbani na mtaani kote aliitwa Kijiko, kwa sababu alipokuwa mdogo alikataa katakata kulishwa mpaka apewe kijiko akishike mwenyewe. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado alipenda kushika mambo kwa mkono wake.

Baiskeli ile haikuwa ya kuringia. Rangi yake ilikuwa imebanduka, kengele ilikoroma badala ya kulia, na kava la kufunika mnyororo liling'oka siku nyingi zilizopita. Hata hivyo ndiyo iliyokuwa miguu ya Shangazi. Shangazi alikuwa mhudumu wa afya. Alichukua mkoba wake wa dawa zahanati, akaufunga kwenye keria, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaona wagonjwa wasioweza kutembea. Mmoja alimfunga kidonda, mwingine alimtazama akimeza vidonge vyake, mwingine alimgeuza tu kitandani na kumpa maneno mawili ya kumtia moyo.

"Kijiko, umeiona ile cheni?" Shangazi aliuliza Jumanne ile huku akimimina uji. "Jana imeniruka mara tatu. Nikikanyaga pedeli, krak! Kama inanicheka."

"Imelegea, Shangazi. Inaning'inia kama utumbo."

"Basi ukitoka shule ipeleke kwa Mzee Spoki aibadilishe. Cheni mpya hii hapa, nimepewa zahanati. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Uikokote, kwenda na kurudi. Usipande. Baiskeli haina kava na sketi yako ni pana. Cheni haijui kama hiyo ni sare ya shule."

"Ndiyo, Shangazi."

Walisali pamoja wakiwa wamesimama, kama kawaida yao kabla ya kutoka, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Mzee Spoki alikuwa na kijiwe chake kando ya barabara ya soko, chini ya bati lililoegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya seremala. Watu walimpa jina hilo kwa vile alikuwa mrefu, mwembamba na mnyoofu kama spoki ya baiskeli, na mwenyewe alilipenda. Magurudumu yalining'inia juu ya kichwa chake. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ya kutafutia pancha, kopo la grisi, na sanduku la vifaa ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Baiskeli sita za zahanati, ya Shangazi ikiwamo, zilitengenezwa na yeye, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kurudi na malalamiko.

"Shikamoo, Babu Spoki."

"Marahaba, Kijiko. Leo umekuja na mgonjwa gani?"

"Cheni, Babu. Inaruka."

Mzee aliiegemeza baiskeli ukutani, akaufungua mnyororo wa zamani na kuulaza kwenye gunia sambamba na mpya. Kwa idadi ileile ya vipande, wa zamani ulikuwa mrefu zaidi, karibu upana wa vidole viwili.

"Unaona? Cheni haichakai kwa kukonda kama mimi. Inachakaa kwa kurefuka. Ikirefuka, meno ya gia hayaijui tena, ndipo inaporuka."

Alihesabu vipande vya mnyororo mpya kwa kidole gumba, akausukuma nje msumari mmoja mdogo kwa kifaa chake cha kutolea pini, akakata kilichozidi. Kisha akauvika kwenye gia ya nyuma na ya mbele. Kijiko alichuchumaa karibu, shingo mbele, asipitwe na kitu.

Mwisho Mzee alichukua kibati kidogo kuliko ukucha. "Hii ndiyo klipu. Ndiyo inayoshika ncha mbili zisiachane. Itazame ilivyo." Kilikuwa kama samaki: kichwa cha mviringo, na mkia uliopasuka katikati. Mzee alikisogeza mbali na uso wake, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Mikono yangu siku hizi ni mifupi," alisema, "haifiki pale macho yanapotaka."

Kijiko alicheka. Seremala, aliyekuwa akipiga randa upande wa pili, naye akacheka. "Mzee, nenda ukanunue mikono mingine!"

"Wewe piga randa yako, usinipige mimi." Mzee Spoki aliacha kutazama. Akapapasa kwa vidole, akaibana klipu kwa koleo, ikalia tik. "Kumbuka neno moja, Kijiko. Mkia uangalie nyuma. Ukiigeuza, klipu itachomoka njiani na cheni itakuacha mahali pabaya. Umesikia?"

"Mkia uangalie nyuma."

"Haya. Msalimie Shangazi."

Kijiko aliikokota baiskeli kama alivyoagizwa, mpaka kwenye kona ya kisima alipokutana na rafiki yake wa dawati moja. Huyu walimwita Redio, kwa sababu hazimiki mpaka betri ziishe.

"He! Unaikokota baiskeli kama unampeleka mbuzi mnadani!" Redio alisema. "Ina pancha?"

"Haina. Nimekatazwa kupanda."

"Umekatazwa na nani aliyepo hapa? Mimi simwoni. Kijiko, barabara yote hii iko tupu, na cheni mpya. Zungusha mara moja tu, mpaka pale kwenye mti, urudi."

Kijiko akapanda. Alipofika kwenye mti hakurudi. Upepo ulimpiga usoni, mnyororo mpya ukaimba chini yake bila kuruka hata mara moja, na Redio alikimbia nyuma akipiga makofi. Kisha sketi ikavutwa kwa nguvu. Baiskeli ikasimama ghafla na Kijiko akaanguka nayo ubavu.

Pindo la sketi lilikuwa limemezwa kati ya mnyororo na gia ya mbele. Walivuta, wapi. Walirudisha pedeli nyuma, likajikaza zaidi.

"Tumwite mtu," Redio alisema, sasa sauti ikiwa ndogo.

"Tukimwita mtu, Shangazi atajua." Kijiko aliitazama klipu. Ilikuwa imesimama upande wa chini wa mnyororo, karibu na ardhi. Akafungua mkebe wake wa hesabu, akatoa bikari, akaichokoa klipu kwa ncha yake mpaka ikaachia. Mnyororo ukafunguka, sketi ikatoka na tundu la ukubwa wa sarafu.

"Unajua kurudisha?"

"Najua. Mkia uangalie nyuma." Alitazama gurudumu la nyuma, akauelekeza mkia huko, akabana klipu kwa kipande cha jiwe. Ikalia tik, kama ilivyolia kwa Mzee. Moyo wake ukatulia. Akajiona fundi.

"Usije ukasema," alimwambia Redio.

"Mimi? Niseme nini na mimi ndiye niliyekuambia upande?"

Nyumbani Shangazi aliikagua baiskeli, akazungusha pedeli kwa mkono, akafurahi. "Mungu ambariki mzee yule. Hukuipanda?"

"Sikuipanda, Shangazi."

"Na tundu hilo kwenye sketi?"

"Msumari wa dawati."

Shangazi alileta sindano na uzi, akalishona tundu lile bila kuuliza tena.

Siku mbili zilipita salama. Ijumaa Kijiko aliporudi kutoka shule alikuta uani kuna watu. Muuza maji wa mtaani alikuwa ameegemeza baiskeli ya Shangazi ukutani, mnyororo ukiwa umeviringishwa kwenye usukani. Shangazi aliketi kwenye kiti, uso umemsawijika, mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko.

"Pale kwenye mwinuko wa daraja," muuza maji alikuwa akieleza kwa mara ya nne au ya tano. "Anapanda, amesimama juu ya pedeli, anasukuma kwa nguvu zote. Nasikia tik! Cheni hiyoo, imetapakaa barabarani. Mguu umekanyaga hewa. Nikamwona mama wa watu chini, na mkono ameulalia."

"Imekatika?" aliuliza seremala, ambaye alikuwa amekuja na shoka bado mkononi.

"Haijakatika. Imefunguka."

Kijiko alisimama mlangoni, mfuko wa shule begani. Hakuna aliyemtazama.

Mzee Spoki alifika kabla ya jua kuzama, bila kofia, amekuja mbio. Hakusalimia kwanza. Alichukua mnyororo, akaupitisha wote vidoleni, kipande kwa kipande, akafika kwenye ncha mbili zilizo wazi.

"Klipu iko wapi?"

"Hatukuiona," muuza maji alijibu. "Imeruka huko majanini."

Mzee alizitazama zile ncha tena. "Cheni ni nzima," alisema hatimaye. "Kila kipande ni kizima. Klipu mpya haichomoki siku ya tatu ila kwa sababu moja tu. Ilifungwa kinyume."

"Nani aliifunga?" seremala aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi." Aliinua mikono yake miwili, akaitazama kama vitu vya mtu mwingine. "Nilifunga kwa kupapasa. Sikuiona. Kumbe mikono nayo imeanza kunidanganya. Nisamehe, mama. Nimekuvunja mkono."

"Mzee wangu, hukukusudia," Shangazi alisema. "Kaa kitako unywe maji."

Mzee hakukaa. Kijiko alifungua kinywa. Aliyafikia maneno mpaka kwenye ulimi, kisha akaona nyuso zote zile, na plasta nyeupe, na Shangazi aliyemuuliza 'hukuipanda?' naye akajibu. Akameza. Usiku huo, walipoketi kula, Shangazi alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, chakula kikadondoka, akacheka kidogo, akaomba: "Ee Mungu, mfariji fundi wetu. Macho yake yamechoka, mtie nguvu asivunjike moyo."

Alisubiri. "Kijiko, hukusema Amina."

"Amina," alisema Kijiko, macho kwenye sahani.

Juma lililofuata lilikuwa baya, na la pili likawa baya zaidi. Shangazi alitembea kwa miguu kuwafikia wagonjwa wake, mkoba begani, mkono kifuani. Wa karibu aliwafikia. Wa ng'ambo ya daraja aliwafikia siku moja moja, na bibi mmoja mwenye kidonda mguuni alikaa siku nne na bandeji ileile. Shangazi alirudi siku hiyo hakula. Alisema tu kwamba kidonda kimerudi nyuma, na kazi ya miezi miwili imepotea.

Kule sokoni seremala alisimulia kisa kwa kila aliyepita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa. "Mzee haoni tena," alisema, "mimi mwenyewe nilimwona anaisogeza klipu huku na huku." Aliyeleta baiskeli aliigeuza, akaipeleka kwa fundi wa stendi. Zahanati nayo ikazichukua baiskeli zake tano zilizobaki, kwa maneno ya heshima, ikampa huyohuyo.

Mzee Spoki hakujitetea. Ndilo lililomuumiza Kijiko kuliko yote. Kama angebisha, kama angegomba, kama angesema 'mimi si mtu wa kukosea', labda ingekuwa rahisi. Lakini alikaa chini ya bati lake, amenyoosha vidole mbele ya uso, akivisogeza mbali na karibu. Kijana mmoja alimletea pancha. Mzee alibandika kiraka, akakivuta kukijaribu, akakibandua, akabandika tena, akakibandua. Mwisho akamrudishia mpira. "Nenda kwa mwenzangu, mwanangu. Mimi sijiamini."

Siku chache baadaye alianza kugawa vifaa. Bisibisi kubwa alimpa seremala, pampu akampa muuza maji. Bati lilikuwa bado juu, ila chini yake hapakuwa na gurudumu hata moja.

"Tuseme," Kijiko alimwambia Redio wakiwa nyuma ya madarasa.

"Useme nini?"

"Kwamba niliifungua mimi."

"Lakini uliirudisha vizuri! Mkia ulitazama nyuma, mimi niliuona kwa macho yangu haya. Basi si wewe. Labda ni yeye kweli, labda aliibana vibaya tangu mwanzo." Redio alivuta majani, akayakata kwa kucha. "Na ukisema, utapigwa, nitapigwa, na mkono wa Shangazi hautaunga kesho. Itasaidia nini?"

Lilikuwa jambo la ajabu: Kijiko alikumbuka wazi kwamba alifuata lile neno, na bado alijua, kama unavyojua njaa, kwamba kosa lilipita mikononi mwake. Alijaribu kusali peke yake, akakuta hana la kumwambia Mungu ambalo Mungu hajalijua, na lile moja lililotakiwa kusemwa halikutakiwa na Mungu bali na mzee mmoja sokoni. Akaacha. Darasani mwalimu alimuuliza swali jepesi mara mbili na hakusikia. Alikonda. Shangazi alimpima joto, akamkagua kope, akamuuliza kama tumbo linamuuma.

"Haliumi, Shangazi."

Jumamosi ya pili, saa kumi jioni, Mzee Spoki alipiga hodi. Alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayeaga. Shangazi alimkaribisha kwa kiti, Kijiko akaleta maji.

"Sikai sana," Mzee alisema. "Nakwenda kwa mdogo wangu, ana shamba. Kupanda maharage hakuhitaji macho makali. Nimekuja kukuaga, mama, na kumletea huyu kitu." Akatoa mfukoni kitambaa, akakikunjua mezani. Ndani mlikuwa na kile kifaa cha kutolea pini za mnyororo, kimefutwa, kinang'aa kwa grisi.

"Hiki sikumpa mtu. Nimekitumia tangu kijana. Lakini wewe, Kijiko, katika wote waliowahi kuchuchumaa pale kwangu, ndiye peke yako unayetazama. Una macho. Chukua. Mimi nilishindwa, wewe usije ukashindwa."

Kijiko hakunyoosha mkono.

"Pokea, mwanangu," Shangazi alisema. "Babu anakupa."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Sema asante upokee."

"Siwezi kwa sababu ni mimi!" Sauti ilimtoka kubwa mpaka kuku wakaruka. "Ni mimi niliyeifungua, Shangazi. Babu hakukosea. Niliipanda. Sketi ikaliwa na cheni, si msumari wa dawati. Nikaichokoa klipu kwa bikari, nikairudisha mwenyewe. Nikakudanganya. Nikanyamaza." Akaanza kulia, kilio kibaya cha kwikwi, na hapakuwa na mahali pa kuweka uso wake.

Shangazi aliweka mkono wa kushoto juu ya plasta, kana kwamba mkono ndio uliosikia kwanza.

Mzee Spoki alisimama polepole. "Majuma mawili," alisema. Hakuinua sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Majuma mawili naamka, nanyoosha vidole hivi, nauliza, nyie ni vyangu au si vyangu? Nimegawa vifaa vyangu. Nimemrudisha mtoto wa watu na pancha, pancha tu! Na wewe ulikuwa unapita pale kwenda shule, unaniamkia. Shikamoo Babu. Kila siku, shikamoo Babu."

"Nisamehe, Babu."

"Sijui. Nitakuambia kesho. Leo sijui." Alikwenda mpaka mlangoni. Pale akasimama, akageuka, na uso wake ukawa wa fundi tena, uso unaotaka kujua. "Hebu niambie. Nilikufundisha, na wewe si mtu wa kusahau. Mkia uliuelekeza wapi?"

"Nyuma, Babu. Kama ulivyosema."

"Nyuma wapi?"

"Kwenye gurudumu la nyuma."

"Klipu ilikuwa upande gani wa cheni? Juu au chini?"

"Chini. Karibu na ardhi."

Mzee alifumba macho. Kisha akaivuta ile baiskeli iliyokuwa imeegemea ukuta majuma yote hayo, akachukua mnyororo uliokuwa kwenye usukani, akauvika, akaziunganisha ncha zake kwa uzi wa Shangazi. Akafunga kitambaa chekundu kwenye kipande kimoja cha juu.

"Zungusha pedeli mbele, taratibu. Tazama kitambaa kinakwenda wapi."

Kijiko alizungusha. Kitambaa kilitembea kuelekea gia ya mbele, kikashuka nayo, kikatokea chini. Kisha kikaanza kurudi kuelekea gurudumu la nyuma.

Aliacha kuzungusha. "Chini inarudi," alisema.

"Chini inarudi. Baiskeli nzima inakwenda mbele, lakini cheni ya chini inakwenda nyuma. Kwa hiyo kule chini, nyuma ya cheni ni mbele ya baiskeli. Wewe ulitazama nyuma ya baiskeli. Klipu ikawa inatanguliza mkia, ikagonga meno ya gia mara elfu, ikachomoka." Aliupangusa uso kwa mkono wa shati. "Na mimi, mzee mzima, nilisema nyuma, nyuma. Nyuma ya nini? Sikusema. Mimi hufungia juu siku zote, kwangu neno lile halina shida. Hilo ni langu, nalichukua."

"Yaani kama ningekuja kukuuliza siku ileile..."

"Ningekucheka, ningeigeuza, na dakika tano baadaye ungekuwa nyumbani," Mzee alisema. Akachukua kifaa chake mezani, akakifunga kwenye kitambaa, akakirudisha mfukoni mwake. Akatoka bila kuaga.

Shangazi hakumpiga Kijiko. Alimwambia anawe uso, akalale.

Jumatatu baada ya shule walikwenda sokoni pamoja. Kijiko alisimama mbele ya karakana, seremala na muuza maji wakiwapo, na watu wengine wanne waliokuwa wakisubiri kiti kitengenezwe. Alisema yote tangu mwanzo. Hakuruka kitu. Hakumtaja Redio. Redio, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango wa duka, alitoka mwenyewe. "Na mimi nilikuwepo," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia apande." Ndiyo ikawa hotuba yake fupi kuliko zote.

Seremala aliitazama randa yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na bisibisi kubwa, akaiweka chini ya bati, mahali palipokuwa na sanduku. "Nilisema maneno mengi," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mengine.

Zahanati walimsikiliza Kijiko, wakamshukuru, wakasema baiskeli zimeshaahidiwa kwa yule fundi mwingine mpaka mwisho wa mwezi, kisha wataona. Hawakusema zaidi ya hapo.

Mzee Spoki hakwenda shambani juma hilo. Alhamisi alionekana chini ya bati lake, hana pampu, hana magurudumu ya kuning'iniza, ana beseni tu na kopo la grisi. Shangazi alimpeleka kwanza kupimwa macho, naye Mzee akarudi na miwani ya kusomea iliyomkaa puani kama panzi. Akafunga klipu mpya kwenye mnyororo, mara hii mbele ya Kijiko, na akamwambia aonyeshe mwenyewe mkia unapaswa kuelekea wapi, juu na chini, mpaka alipojibu mara tano bila kukosea. Alikuwa bado hajasema kwamba amemsamehe. Lakini alimwambia, "Shika hapa," na Kijiko akashika.

Kijiko na Shangazi wakarudi nyumbani wakiikokota baiskeli, mkoba wa dawa kwenye keria, maana mkono wa Shangazi ulikuwa bado na majuma manne ndani ya plasta, na daktari alikuwa amesema kifundo cha mkono huenda kisirudi kunyooka kama zamani. Walikuwa wanapitia kwa yule bibi mwenye kidonda. Sasa kila jioni Kijiko alikuwa mkono wa kulia wa Shangazi: kushika mkasi, kukata bandeji, kumwaga maji ya moto.

"Shangazi," Kijiko aliuliza, "umenikasirikia kwa sababu ya mkono?"

"Mkono ulivunjwa na kosa, mwanangu. Hukujua mnyororo wa chini unarudi nyuma, hata mimi sikujua. Kosa la kutojua nalisamehe kabla hujaniomba. Lakini siku ile Babu alipoinua mikono yake pale uani akasema, 'Ni mimi,' wewe ulijua. Tangu dakika ile halikuwa kosa tena. Kila siku uliyonyamaza ulikuwa unamnyang'anya mtu mzima kitu, kidogo kidogo, na yeye hajui nani anachukua. Mimi niliombea macho yake, kumbe nilipaswa kuombea ulimi wako."

Kijiko aliinamisha kichwa.

"Ukikosea, sema siku ileile. Utaona aibu, ndiyo. Labda utaadhibiwa. Lakini kosa la siku moja ni dogo, mtu mmoja anaweza kulibeba. Ukiliacha lilale, linaingia nyumba za watu wengine, na siku utakayotaka kulirudisha utakuta mengine hayarudi. Yule bibi kidonda chake kimerudi nyuma miezi miwili. Utakiona sasa hivi. Nataka ukitazame vizuri."

Walifika. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kijiko aliegemeza baiskeli ukutani, akafungua mkoba, akanawa mikono kwa sabuni kama alivyofundishwa, akaingia nyuma ya shangazi yake.